Mwisho Uliojulikana Dakika ya Ishirini na Mbili

Fundi cherehani wa chumba cha tatu anadai kwamba mwisho wa filamu uliibwa kwa ndoo. Habari hiyo kaipata kwa mteja anayemshonea suruali za kazi, na mteja huyo ana shemeji anayelinda geti pale idarani, kwa hiyo imetoka kisimani kabisa, haijapita bombani. Eti mfagizi wa idara, binti mpole wa chumba cha tano, yule anayetoka alfajiri na viatu mkononi asije akaamsha watu, aliuzamisha mwisho wa filamu kwenye maji ya deki, akaufunika na tambara, akapita nao getini mchana kweupe. Mlinzi akamwambia "pole na kazi," naye akajibu "nishapoa." Eti waheshimiwa wakakaa sinema, filamu ikafika katikati ikakatika, wakaambiwa waende nyumbani, kila mtu akaimalizie mwenyewe.

"Na wameimalizia?" aliuliza mama yake binti, aliyekuwa amekaa kizingitini akichambua maharage kwa vidole.

"Wengine wameimalizia vizuri kuliko ilivyokuwa," fundi akasema, sindano mdomoni.

Fundi ni mtu mwema, tena anaweza kukupima kiuno kwa macho tu. Ila habari huwa anazikata kubwa, ili mtu akue nazo. Yaliyotokea ni madogo zaidi, na yote yana kumbukumbu namba.

Idara ya Taswira na Mambo Yajayo ilitangaza kwa furaha kubwa, kwa barua yenye mihuri minne, kwamba nchi imepata filamu yake ya kwanza ya sayansi ya kubuni, iitwayo "Mji Ulioning'inia", na kwamba filamu hiyo ni nzuri. Uzuri wake haukuachwa mikononi mwa watazamaji. Ulikuwa umekwisha kupitishwa na kikao.

Kwa haki, picha zilikuwa picha. Mji mzima ulining'inia chini ya sayari kama popo darini, taa zake zikiangalia chini. Mvua ilipanda badala ya kushuka. Chombo kikubwa kama wilaya kilipita polepole juu ya vichwa vya watu mpaka viti vikatetemeka na mzee mmoja safu ya mbele akainama asigongwe. Hakuna aliyebisha.

Tatizo liliandikwa na mwandishi mmoja wa gazeti, mtu asiyemiliki hata muhuri mmoja. Aliandika kwamba macho yake yalikula yakashiba yakalegeza mkanda, lakini hadithi aliijua kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Akauliza: je, hadithi nyepesi namna hii, inayojulikana inakokwenda, haiipunguzii uzito filamu kubwa namna ile?

Mkurugenzi wa Idara alilisoma swali hilo mara tatu, likamuuma mara tatu. Hadithi ilikuwa yake. Wafanyakazi walimwita Kiyoyozi, kwa sababu alivuma siku nzima na chumba hakikupoa, lakini kwa hadithi ile alikuwa amejitahidi. Ilipita vikao kumi na vinne. Katika rasimu ya kwanza rubani alikuwa anakufa katikati, kikao cha tatu kikauliza nani atakaimu nafasi yake, jibu likakosekana, rubani akafufuliwa. Rasimu ya pili ilikuwa na siri. Kikao cha tano kikaelekeza siri isambazwe kwa wahusika wote siku saba kabla ya tukio. Mapenzi ya rubani na nahodha yaliruhusiwa, mradi yaanze baada ya saa za kazi.

"Watu hawaendi sinema kujua nini kilitokea," Kiyoyozi aliwaambia wajumbe, gazeti mkononi. "Wanaenda kuona! Nani aliwahi kuutazama mwezi akauliza unaishia wapi?"

"Mwezi hauna tiketi, Mkurugenzi," alisema Katibu wa Kamati, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyeandika kila kitu, hata maneno yake mwenyewe.

"Basi tupime," Kiyoyozi akasema. "Kisayansi. Tupime kama inatabirika. Ikionekana haitabiriki, yule mwandishi ataomba radhi kwa maandishi, nakala tatu."

Ndivyo lilivyozaliwa Zoezi la Upimaji wa Utabirikaji. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Filamu isimamishwe dakika ya ishirini na mbili. Mwananchi wa Kipimo ajaze fomu yenye maswali kumi na mawili kuhusu yatakayofuata. Fomu itiwe kwenye bahasha, ipigwe lakiri, filamu iendelee hadi mwisho, kisha bahasha ifunguliwe mbele ya mashahidi. Akipata majibu matatu au chini yake, filamu itapewa Cheti cha Kutotabirika, Daraja la Kwanza.

Mwananchi wa Kipimo alitakiwa awe mtu mzima, mwenye akili timamu, elimu isizidi shule ya msingi, na asiwe na mazoea ya kuwa na maoni. Wajumbe walikuwa bado wanajadili mtu wa namna hiyo atapatikana wapi, pengine litolewe tangazo, pengine waende kutembelea nchi zenye uzoefu, mlango ulipofunguka akaingia binti na sinia kukusanya vikombe.

"Wewe wa deki," Kiyoyozi akasema. "Umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi, mzee."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Hukuendelea?"

"Hapana, mzee. Baba alifariki."

"Safi kabisa!" Kiyoyozi akapiga meza kwa furaha. "Safi kabisa, binti yangu."

Pale idarani walimwita Deki. Alikuwa kibarua wa majaribio, na majaribio yake yalikuwa yametimiza miaka sita. Kila baada ya miezi mitatu alipewa karatasi inayosema ataendelea kujaribiwa. Alichokitaka duniani kwa wakati ule ni barua moja, barua ya ajira ya kudumu, kwa sababu barua ilikuja na kadi ya matibabu, na kadi ilikuwa na nafasi ya mzazi. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari alisema ni kazi ya asubuhi moja, akauliza kadi iko wapi. Mama sasa aliwajua watu kwa nyayo zao, na maharage kwa vidole.

"Nikifanya hilo zoezi, mzee," Deki aliuliza, sinia mkononi, "ile barua yangu…"

"Iko kwenye mchakato," Kiyoyozi akasema kwa upole. Mchakato ni mahali pakubwa. Wengi waliingia humo wakiwa vijana.

Basi Deki akakalishwa ukumbini peke yake, katikati ya safu hamsini za viti, Kamati nzima nyuma yake ikimwangalia kisogo. Taa zikazimwa. Dakika ya ishirini na mbili zikawashwa. Akapewa fomu na kalamu. Hakukuna kichwa, hakutazama dari. Alijaza kama mtu anayeandika majina ya ndugu zake, akarudisha kalamu na kusema ahsante.

Filamu ilipokwisha, Katibu alivunja lakiri akaanza kuweka alama. Sahihi. Sahihi. Mwalimu mzee wa rubani atakufa, sahihi. Fundi mitambo atawasaliti, sahihi. Yule adui mwenye barakoa ni kaka wa rubani, sahihi, na Deki alikuwa ameongeza pembeni, "mkubwa." Mji utakaribia kudondoka, utabaki unaning'inia kwa mnyororo mmoja, hautadondoka, sahihi, sahihi, sahihi.

Kumi na moja kati ya kumi na mbili.

Mjumbe mmoja, mgeni kazini, akajikwaa ulimi. "Kwa hiyo," akasema, "inaonekana hadithi inata…"

"Kwa mujibu wa taarifa nilizonazo," Mwanasheria wa Idara akamkata, "kuna mambo mawili tu." Huyu alikuwa mwembamba, mpenda mafaili, asiyeweza hata kusalimia bila kutaja kifungu. "Ama hadithi inatabirika, ama nyaraka zimevuja. Hadithi haiwezi kutabirika, kwa kuwa imeandikwa na Mkurugenzi. Hivyo nyaraka zimevuja. Nani anaingia ofisi zote kabla wenyewe hawajafika? Nani anamwaga makapu ya karatasi? Waheshimiwa, kikulacho ki nguoni mwako."

Vichwa vyote vikamgeukia Deki, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita Idara nzima ikamwona kwa pamoja.

Hapo ndipo ndoo ilipoingia katika historia. Ilichukuliwa kama kielelezo A. Ufagio wa deki ulikuwa kielelezo B, na tambara, kwa kuwa lilikuwa bado limelowa, liliandikwa "kielelezo C, kinachoendelea." Mwenyewe akaambiwa arudi kesho saa tatu ajieleze, na akishindwa, asirudi tena.

Jioni hiyo alimwambia mama yote bila kupamba.

"Hebu kwanza nisimulie hiyo filamu," mama akasema. "Nijue nimefukuziwa mtoto kwa kitu gani."

Hiyo ilikuwa desturi yao tangu macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu. Televisheni ya fundi cherehani ilikuwa inaonekana kutoka kizingitini mwao, binti anatazama, mama anasikiliza. Miaka minne ya kumtazamia mtu mwingine inamfundisha mtu kuona. Deki alijua nani ameingia na kisu kabla hajakitoa, kwa sababu ilimbidi aseme mapema, la sivyo mama angesikia mlio tu akauliza "nini hicho?" na kumbe mtu kashakufa.

Akamsimulia mji unaoning'inia. Mama akaacha maharage. Akamsimulia mvua inayopanda, na mama akakunjua kiganja chake akakielekeza chini, kama anayekinga. Akamsimulia chombo kinachopita juu ya vichwa.

"Ehee," mama akasema. "Na humo ndani?"

"Kuna rubani. Ana mwalimu wake, mzee, anakohoa."

"Anakufa."

"Anakufa. Kuna na rafiki yake, anamwita ndugu yangu, ndugu yangu."

"Anamuuza huyo."

"Halafu kuna mmoja kajifunika uso."

"Mtoto wa mama yake," mama akasema, akarudi kwenye maharage. "Mwanangu, hiyo nyumba waliyoijenga ni nzuri mno. Sasa mbona hawakutafuta mtu wa kuishi humo?"

Deki akacheka, lakini kesho ilikuwa kesho.

"Wataniachisha, mama."

"Hadithi yao unaijua mwisho. Ya kwako je?"

"Ya kwangu pia naijua. Ndiyo maana sili."

Saa tatu asubuhi Kamati ilikuwa imekaa upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili ilikaa ndoo, na baada ya ndoo, Deki.

"Swali la kwanza," Mwanasheria akaanza. "Uliandika kwamba mwalimu mzee atakufa. Nani alikuambia?"

"Shikamooni," Deki akasema kwanza. Wakaitikia kwa kuchelewa, mmoja mmoja. "Alikuwa anakohoa, mzee."

"Hata mimi nakohoa."

"Wewe hupo kwenye filamu. Kwenye filamu hakuna anayekohoa bure. Akikohoa mara moja, kaburi limepimwa. Akikohoa kwenye leso ndiyo kabisa, chai yake haimalizi."

"Na usaliti wa fundi mitambo?"

"Kampiga mwenzake mgongoni mara tatu, kila mara ndugu yangu, ndugu yangu. Ndugu hakumbushani hivyo, mzee. Anayekumbusha ana shida."

"Na huyu kaka? Jambo hili lilikuwa siri ya daraja la pili!"

"Mlionyesha picha ukutani, watoto wawili, mmoja uso umechanwa. Nikasema, huyu aliyechanwa lazima yuko mahali."

"Ile picha iliwekwa kwa ustadi mkubwa!" Kiyoyozi akafoka.

"Ndiyo, mzee. Niliiona vizuri."

Katibu aliandika, na miwani yake ikashuka kidogo puani, kama ya mtu anayezuia kicheko.

"Sasa, swali la tisa," Mwanasheria akasema. "Hapa ulikosea. Uliandika: 'Yule mama wa vioo atarudi.' Mama wa vioo ni nani?"

Wajumbe wakatazamana. Kiyoyozi, aliyeiona filamu ile mara thelathini na moja, akamtazama Katibu. Katibu akapekua orodha ya wahusika. Hakukuwa na mama wa vioo.

"Yupo, dakika ya kumi na tisa," Deki akasema. "Chombo kikubwa kinapita, ninyi mnaangalia chombo. Nyuma kuna mama ananing'inia kwa kamba, anafuta madirisha ya mji kwa nje. Chini yake hakuna kitu, ni nyota tupu. Chombo kikapita, akasimama akakiangalia, kisha akakamua kitambaa akaendelea. Sikujua kama anaogopa au keshazoea. Filamu nzima nilikuwa namngoja huyo. Wengine wote niliwajua wanakokwenda, huyu peke yake sikumjua. Nikasema, mtu mwenye kazi ya namna hii hawezi kuwekwa bure, lazima atarudi. Hakurudi." Akavuta pumzi. "Na mzee, kama ningekuwa nimesoma karatasi zenu, ningejua kwamba harudi."

Kwa watu wa kawaida kesi ingeishia hapo. Lakini pale hapakuwa na watu wa kawaida, palikuwa na Kamati.

"Waheshimiwa," Mwanasheria akasema, akisimama, "mmesikia wenyewe. Mwizi hodari huacha kosa moja la makusudi. Kupatia kwake kunathibitisha kwamba aliiba. Kukosea kwake kunathibitisha kwamba aliiba kwa akili."

Wajumbe wakanong'ona kwa kuridhika. Iligundulika pia, baada ya simu mbili, kwamba mama wa vioo alichorwa na wachoraji kwa hiari yao, bila kibali wala kikao. Kiyoyozi akaagiza aondolewe mara moja katika nakala zote, na nafasi yake izibwe kwa nyota. Akaandikiwa barua ya kuondolewa, mama wa watu, akaondoka bila kuhojiwa.

Deki aliiona kalamu ikimwondoa. Ndipo akanyoosha mkono, kama shuleni.

"Naomba fomu nyingine, mzee."

"Ya nini?"

"Mnasema siwezi kujua mwisho bila kuiba. Basi nipeni kitu ambacho hakijaandikwa. Nipeni kikao hiki. Niandike sasa hivi kitakwendaje na kitaishaje, mfunge, mpige lakiri. Nikipatia, mtajua sikuiba, mnipe barua yangu. Nikikosea, naondoka, hata ndoo siidai."

Wajumbe wakacheka. Katibu hakucheka. Alikuwa akifunua Mwongozo wa Upimaji, ambao aliuandika yeye na hakuna mwingine aliyeusoma. "Kanuni ya sita," akasema. "Kipimo kinaweza kurudiwa kwa tukio lolote lenye mwanzo, kati na mwisho. Mwananchi wa Kipimo abaki ndani ya chumba hadi tukio liishe."

"Basi apewe," Kiyoyozi akasema, akijiegemeza kitini. "Hiki ni chombo cha serikali, siyo sinema. Aandike."

Akaandika. Safari hii alichukua muda zaidi, na mara moja aliinua uso akamtazama kila mjumbe kwa zamu, bila haraka, jinsi anavyotazama chumba kabla ya kuanza kukifagia. Bahasha ikafungwa, ikadondoshewa nta nyekundu, ikalazwa katikati ya meza.

"Basi tuhitimishe," Kiyoyozi akasema. "Napendekeza afuk…" Akasita. Akaitazama bahasha.

"Mkurugenzi," Mwanasheria akamnong'oneza, kwa sauti ambayo Deki aliisikia yote, kwani hakuna aliyekumbuka kwamba yuko pale, "tukimfukuza, hilo si ndilo atakuwa ameandika? Mtu yeyote angeandika hivyo. Tutakuwa tumempa haki. Nashauri kamati ndogo."

"Kamati ndogo ndiyo ataacha kuiandika? Miaka sita yuko hapa!"

"Basi tuahirishe."

"Si ndiyo yale yale!"

"Tuombe kwenda kujifunza nchi za nje," mjumbe mmoja akasema kwa matumaini.

Kiyoyozi akafuta jasho. "Kwanza chai. Akili haifanyi kazi hivi hivi. Wewe, Deki, tuletee chai."

Deki akaenda, akaleta chai, akammiminia kila mmoja anavyopenda, aliyekatazwa sukari na anayeiiba, akarudi kukaa karibu na ndoo yake.

Walikunywa wakiitazama bahasha. Iligeuzwa, ikawekwa upande wa nta chini, ikarudishwa. Mwanasheria aliiinua kwenye dirisha ili asome kwa mwanga, Katibu akamsomea kanuni ya nane. Kila walichokifikiria kilionekana kimo humo. Mjumbe mgeni alipopendekeza wapige kura, wenzake walimtazama kama mtoto.

"Jamani," Kiyoyozi akasema hatimaye, na kwa mara ya kwanza hakuvuma, "hakuna jambo ambalo ofisi hii haijawahi kulifanya?"

Wakafikiri. Lilikuwa swali gumu kuliko yote ya mwaka ule.

"Kukiri kosa," Katibu akasema.

Wakashtuka.

"Kukiri kosa, na kumpa mtu haki yake siku hiyo hiyo," Katibu akaendelea, akitazama daftari lake. "Hilo halipo kwenye kumbukumbu. Nimetunza kumbukumbu miaka kumi na tisa."

Uso wa Kiyoyozi ulifunguka taratibu kama mwavuli. "Hilo hawezi kuwa ameandika! Hilo nani angelifikiria? Tumpe barua! Tumpe barua sasa hivi, tena na kadi, halafu tufungue bahasha tuone kaandika nini! Itakuwa 'watanifukuza.' Atakuwa amekosea kabisa!"

"Na akikosea," Mwanasheria akasema, macho yakimng'aa, "itathibitika kwamba hawezi kutabiri, kwa hiyo aliiba, kwa hiyo tunamfukuza."

"Tukishampa barua?"

"Kwa mujibu wa barua hiyo hiyo."

Walipeana mikono. Barua iliyokuwa kwenye mchakato miaka sita ilichapwa kwa dakika nne, pamoja na muda wa kutafuta karatasi. Kiyoyozi akasaini kwa mbwembwe, mihuri minne ikashuka, kadi ikaandikwa jina la mama mzazi. Deki akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia kifuani, akafunga kifungo.

Katibu akavunja lakiri.

"Moja," akasoma. "'Watanisema mbele yangu kama sipo.' Sahihi. Mbili. 'Wataogopa karatasi hii kuliko mimi.' Sahihi. Tatu. 'Mwanasheria atataka kamati ndogo.' Sahihi. Nne. 'Kuna atakayetaka kusafiri.'"

Mjumbe wa safari akajikunyata.

"Tano. 'Watataka chai, nitaileta mimi.' Sita. 'Mwanasheria atataka kusoma dirishani, Mama Katibu atamzuia.' Saba. 'Mama Katibu atasema neno moja la kweli.'" Hapo alisukuma miwani juu. Akaendelea nane, tisa na kumi, na kila moja ilikuwa imekwisha kutokea mbele ya macho yao. "Kumi na moja. 'Watanipa barua, siyo kwa sababu ni haki yangu, ila nionekane sikujua.'"

Mahali fulani kijiko kiligusa sahani.

"Sahihi," Katibu akasema. "Barua ni halali: mmeitoa wenyewe, naye ametimiza sharti lake. Kwa kumbukumbu, waheshimiwa, ile filamu ina utabirikaji wa kumi na moja. Kikao hiki nacho hadi sasa kina kumi na moja, na hakina picha."

"Na ya kumi na mbili?" Kiyoyozi akauliza.

Katibu akaisogeza fomu karibu na macho. "Swali la kumi na mbili la fomu ni, 'Mhusika mkuu, mwishoni atakuwa wapi?' Ameandika: 'Mhusika mkuu ni Mkurugenzi. Hili nalijua. Siandiki.'"

Akafunga daftari lake. Kikao kikaisha, wajumbe wakatoka kwa mlango mmoja wakipishana kwa adabu kupita kiasi. Mwanasheria alibeba mafaili yake yote kwa mkupuo, na kumbe siku zote aliweza bila kubebewa.

Deki akabaki akikusanya vikombe. Kiyoyozi naye akabaki. Aliinuka akaufunga mlango mwenyewe, akarudi, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na ndoo, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu naye.

"Wewe wa…" akaanza, akaacha. "Binti yangu." Akaacha tena. "Dada. Pale kwenye kumi na mbili."

Deki akapanga vikombe kwenye sinia, vikubwa chini.

"Mhusika mkuu ndiye mimi, hilo nimekubali. Sasa huko mwishoni. Ni uhamisho? Maana wiki iliyopita wizarani niliwakuta wanazungumza, nilipoingia wakaanza kuniuliza habari za familia. Hilo ni jambo jema au baya?" Akasubiri. "Au ni kustaafu? Mimi bado nina miaka minne. Nitingishie kichwa tu, hata usiseme. Kama ni ile filamu, hadithi naweza kuibadilisha. Naweza kumrudisha yule mama wako wa vioo, nimpe hata maneno mawili ya kusema. Nimrudishe?"

Nje, korido ilikuwa imeshakanyagwa na viatu vyote vya Kamati, na alama zao zilielekea ngazini kwa mstari mmoja.

Kiyoyozi akasimama. Akamvutia kiti. Kilikuwa kiti chake mwenyewe, chenye magurudumu na mgongo mrefu.

"Kaa, mama," akasema. "Kaa hapa. Nitajie hata herufi ya kwanza. Mwishoni nitakuwa wapi? Tafadhali."

Deki akachukua kikombe cha mwisho, kilichokuwa mbele ya Mkurugenzi, akakifuta ndani, akakifuta nje.